Sumu inayoua paka na mbwa wetu inatoka ndani ya nyumba



Kwetu Kivu neno sumu likitajwa, watu wengi wanawaza karuho, ile wanayosema mtu anakuwekea katika kikombe kwa chuki. Ndiyo maana mbwa akikutwa asubuhi amekufa karibu na mlango wa parsele, maneno yanaanza hata mbele ya kumzika. Nani alipita hapa jana? Nani alilalamika kwamba mbwa anabweka usiku? Tumeona majirani wa avenyu moja wakikaa miezi bila kusalimiana kwa sababu ya paka aliyekufa.

Hatusemi kwamba hakuna mtu anayemtupia mbwa wa wengine nyama yenye sumu. Wezi wanafanya hivyo, na inajulikana. Lakini mara nyingi sumu iliyomwua mnyama tuliinunua sisi wenyewe sokoni, kwa franka zetu, tukaiweka chini ya kitanda, nyuma ya mlango wa jikoni au juu ya kabati. Hiyo ndiyo tunataka kuzungumzia juma hili, kwa sababu mkono unaoweza kuizuia ni wetu. Na tena, mahali paka anapofika, mtoto anayetambaa anafika pia.

Panya anakula leo, paka anakufa baadaye

Dawa za panya zinazouzwa kwetu si za aina moja, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti. Anauza punje za rangi, anauza unga mweusi uliofungwa katika karatasi, anauza maji ndani ya kachupa kasiko na etiketi, na kwa zote anasema maneno yaleyale: hii inaua kabisa.

Zile punje za rangi, pinki au buluu au kijani, mara nyingi ni dawa inayozuia damu isigande. Mwili wa mnyama, kama wetu, unahitaji vitamini K ili damu igande pale mshipa unapochanika. Dawa hii inalizuia ini kuitumia vitamini hiyo. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana, kwa sababu mwili bado una akiba. Akiba ikiisha, kati ya siku ya tatu na ya tano hivi, damu inaanza kuvuja ndani: kifuani, tumboni, katika maungio.

Kwa hiyo panya hafi palepale alipokula. Anazunguka siku kadhaa akiwa mzito na mlegevu, anatoka hata mchana. Nani anamkamata panya wa namna hiyo? Ni paka, na ini la panya yule bado lina sumu. Panya mmoja pengine hatamwua paka, lakini paka mwindaji hali mmoja tu. Kadiri anavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo anavyokusanya sumu zaidi mwilini. Mbwa anayeokota panya waliokufa kwenye jalala yuko katika hatari ileile.

Wamama, tuhesabu siku hizo vizuri. Mbwa aliyekula punje Jumatatu anaanza kudhoofika Alhamisi au Ijumaa. Mwenye mbwa anamtafuta aliyekuja Alhamisi. Jirani aliyepita siku hiyo kuomba moto wa makala ndiye anayebebeshwa, wakati sumu ilikwisha kuliwa siku tatu mbele, nyuma ya gunia la maharagwe. Kama tungelijua jambo hili moja tu, ugomvi mwingi wa avenyu ungelikosa pa kuanzia.

Mnyama aliyekula dawa hii anachoka, fizi zake zinakuwa nyeupe, anapumua kwa shida, pengine damu inatoka puani au choo kinakuwa cheusi. Huyu anaweza kupona. Dawa yake ni vitamini K1, ileile wanayochomwa watoto wachanga katika maternite ili wasitoke damu. Lakini sindano moja haitoshi: dawa inaendelea majuma matatu au manne, kwa kipimo cha veterineri. Sombe na lengalenga zina vitamini K, ni kweli, ila si ya kutosha kumponya mnyama aliyekula sumu hii. Tusipoteze siku kwa kumpikia majani.

Ule unga wa kijivu unaoelekea weusi, unaonuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, mara nyingi ni zinki fosfidi. Huo hausubiri siku tatu. Ukikutana na maji makali ya tumbo unatoa gesi yenye sumu, na mnyama anaweza kufa kwa saa chache. Hata matapishi yake yanatoa gesi hiyo. Mbwa akitapika kitu chenye harufu hiyo ndani ya nyumba, tufungue milango na madirisha, tuwatoe watoto nje, tusiiname kuchungulia. Na asipewe chakula, kwa maana chakula kinaongeza maji ya tumbo na gesi inazidi.

Maji ya kachupa kasiko na etiketi ndiyo yanayotutisha kuliko yote. Mara nyingi ni dawa ya wadudu wa mashamba iliyogawanywa kutoka bidoni kubwa. Mnyama aliyeionja anatokwa na mate mengi, machozi, mkojo na kuhara, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, anatetemeka, anaanguka. Yote hayo katika dakika chache au saa chache. Dawa ipo, atropini, lakini ni ya mkono wa veterineri, na lazima afike mapema. Wamama, kitu kisicho na jina tusikinunue, hata kikiwa cha bei ndogo. Mtoto akikinywa, mganga atauliza ni nini, na hakuna atakayejua kumjibu.

Povu mdomoni

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa watu wanakufa pia.

Mbwa akitoa mate na kutetemeka barabarani, vijana wanapiga kelele kwamba ana kichaa, na mawe yanaanza. Pengine ni sumu tu. Lakini pengine ni kichaa kweli, maana ugonjwa huo upo katika nchi yetu na unaendelea kuua. Sumu kwa kawaida inakuja ghafla: asubuhi mbwa alikuwa mzima, saa sita anatetemeka. Kichaa kinatanguliwa na siku ambazo tabia inageuka: mbwa mpole anauma, anajificha, sauti inabadilika, anashindwa kumeza. Hata hivyo sisi wa nyumbani hatuwezi kuhakikisha kwa macho. Kwa hiyo mkono mtupu usiingie kamwe katika mdomo wa mbwa anayetokwa na povu, hata kama ni mbwa wetu tuliyemlea, hata kama tuna hakika amekula dawa ya panya. Tumfungie mahali peke yake, tuwaondoe watoto, tumwite veterineri.

Na mtu akiumwa, au mate yakigusa kidonda, aoshe pale mahali kwa maji na sabuni dakika 15 kamili kwa saa, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza chanjo. Dalili za kichaa zikiisha kutokea kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka inatupunguzia hofu hii yote. Mbwa aliyechanjwa, mwenye karatasi yake, watu hawataharakisha kumwua siku atakapougua.

Paka anakunywa kwa manyoya

Mbwa anadhuriwa hasa na tumbo lake, anameza kwanza na kufikiri nyuma. Paka ni mwangalifu, ananusa, anakataa. Lakini paka ana desturi moja inayomponza: anajilamba tangu kwato za mbele mpaka mkia (watoto wa shule watatucheka, paka hana kwato, tuseme nyayo). Chochote kinachogusa nyayo na manyoya yake kinaishia tumboni.

Tukipangusa nyumba kwa javeli, tuiache sakafu ikauke mbele ya paka kupita. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa katika maji ni mbaya zaidi kwake, kwa sababu ini la paka haliwezi kuzivunja kama letu. Petroli ya taa na mafuta machafu ya motere vivyo hivyo: paka akichafuka, tusimwache ajisafishe mwenyewe. Tumfunge katika kitambaa, tumwoshe kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, mara mbili au tatu, hata akikwaruza.

Tumesikia pia kwamba wengine wanawaogesha mbwa na paka kwa dawa ya kunyunyizia nyanya ili kuua viroboto. Viroboto wanakufa, ndiyo. Ila dawa ya shamba inaingia hata kwa ngozi, na anayeogesha anaingiwa nayo mikononi. Tena iko dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa, ambayo ndani yake mna permetrini: mbwa anaivumilia, paka inamtetemesha mpaka kufa. Tusigawanye dawa ya mbwa kwa paka kwa kuwaza kwamba kipimo kidogo kitatosha. Sabuni, kitana chenye meno madogo, kufagia kila siku na kuanika juani vitambaa anavyolalia vinafanya kazi bila kumdhuru mtu.

Kidonge cha homa

Jambo hili wamama wengi hawajalisikia, nasi tunaomba lisomwe kwa sauti katika kila kikundi. Parasetamoli, hicho kidonge tunachowapa watoto wenye homa na tunachomeza sisi kichwa kikiuma, ni sumu kali kwa paka. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka mzima. Ini lake halina njia ya kukiondoa. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawa, uso unavimba. Anayempa anafanya kwa huruma, kwa sababu paka anaonekana mgonjwa. Hata nusu asipewe, hata robo.

Mbwa naye asipewe ibuprofeni wala diklofenaki. Zinamtoboa tumbo na kuharibu figo. Dawa za watu ni za watu, na sashe za vidonge zisilazwe dirishani, mbwa mchanga anapenda kutafuna plastiki inayolia.

Makombo

Mbwa na paka wetu wanakula tunachobakiza, bugali na mchuzi wa sambaza, na hakuna ubaya. Kinachowadhuru ni vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu chembe za damu yao, na paka anadhurika kwa kiasi kidogo kuliko mbwa. Mchuzi wao tuutoe mbele ya kutia vitunguu, ni kazi ya dakika moja. Chokoleti tusiwape, ingawa ni wachache wenye chokoleti ya kutupa.

Mahindi na unga ulioota ukungu ni habari kubwa zaidi. Wengi wanasema: huu hatuwezi kula, tumpikie mbwa. Ukungu huo unaweza kuwa na aflatoksini, sumu inayoharibu ini, na mbwa wanakufa nayo. Kuku pia. Na kuupika hakuiondoi.

Watoto wanajua

Mwaka huu katika darasa la nne tuliwaomba watoto wachore nyumba yao na kutia alama nyekundu kila mahali palipo na kitu ambacho mbwa hapaswi kunywa wala kutafuna. Tulifikiri wataweka alama mbili, tatu. Michoro ilirudi imejaa wekundu. Bidoni ya petroli kando ya bidoni ya maji, zote mbili za rangi ya njano. Javeli katika chupa ya Fanta. Pili za zamani za redio zimetupwa chini ya mgomba, na pili ikitafunwa inachoma mdomo na koo. Dawa ya panya ndani ya kiatu cha baba. Mtoto mmoja alichora paka akinywa katika beseni ya maji ya kupangusia, akaandika chini yake: kila siku.

Tunawashauri wamama wafanye zoezi hilohilo nyumbani, na penseli ishikwe na mtoto, si na mama. Mtoto anaona nyumba kutoka chini, kwa kimo cha mbwa. Alama zikiisha kutiwa, kuhamisha vitu kunachukua nusu saa: kila chenye sumu kipande juu katika sanduku lenye kufuli, kibaki katika chupa yake yenye jina, na hakuna kuhamishia chochote katika chupa za maji au za sukari.

Sumu ikiisha kuingia

Kwetu mnyama akilishwa sumu watu wanakimbilia mafuta ya mawese, wengine maziwa, wengine maji ya chumvi. Tunajua tunagusa desturi ya mabibi zetu. Lakini sumu nyingine zinayeyuka vizuri katika mafuta, na mafuta yanazisaidia kuingia mwilini haraka zaidi. Mnyama anayetetemeka hawezi kumeza sawasawa, tunachommiminia kwa nguvu kinaingia katika mapafu. Chumvi nyingi nayo ni sumu juu ya sumu. Na aliyekunywa petroli au javeli asitapishwe hata kidogo: petroli ikirudi juu inaingia katika mapafu, javeli inachoma koo mara ya pili.

Tufanye hivi: tumtoe mahali penye sumu, tumwoshe kama iko juu ya manyoya, tuchukue karatasi au kopo la dawa, tumpigie veterineri tukiwa njiani. Tumwambie ni nini, kiasi gani, saa ngapi. Mnyama aliyemeza punje sasa hivi na bado yuko mzima ndiye mwenye bahati, maana veterineri anaweza kumtapisha kwa njia salama katika saa moja au mbili za kwanza. Kumngojea aonyeshe dalili ni kuipoteza nafasi hiyo. Ambaye hana namba ya veterineri ailize leo kwa ofisi ya kilimo na ufugaji ya eneo lake, aiandike ukutani karibu na namba ya kituo cha afya.

Na panya je?

Mtu atatuuliza: basi tuache panya wamalize maharagwe? Hapana. Mimba ya panya ni majuma matatu tu, na anazaa wengi. Nyumba inayomwua paka wake kwa dawa ya panya itajaa panya tena upesi, na itarudi sokoni kununua dawa nyingine. Tuanze na chakula chao. Unga na maharagwe viwe katika pipa au bidoni yenye kifuniko, magunia yawe juu ya mbao na mbali kidogo na ukuta, makombo yasilale nje. Mitego ya waya inakamata vizuri ikiwekwa kando ya ukuta, njia ya panya, si katikati ya chumba.

Anayelazimika kutumia punje azifungie katika sanduku la mbao lililopigiliwa, lenye tundu la kupita panya tu na kizuizi ndani, ili mkono wa mtoto na mguu wa paka usifike. Ahesabu anazoweka, ahesabu zinazobaki. Awaambie majirani, kwa maana paka hajui mpaka wa parsele. Kila asubuhi aokote panya waliokufa, kwa plastiki au koleo, si kwa mkono, awazike kwa kina. Kule Ituri ambako tauni bado inatokea, jambo hili ni zito zaidi: panya akifa, viroboto wake wanamwacha na kutafuta damu nyingine, ya paka au ya mtu. Na mnyama yeyote aliyekufa kwa sumu asiliwe, wala asitupwe kwenye jalala au ziwani.

Jumamosi hii baada ya likelemba tutatengeneza masanduku mawili ya mfano. Anayeweza alete ubao, misumari na nyundo. Mama mmoja wa kikundi chetu ana watoto wanne wa paka, wametimiza miezi miwili na wanakula wenyewe. Anawatoa bure, ila anasema kwamba atakayechukua amwonyeshe kwanza mahali anapoweka dawa ya panya.